Magunia Yenye Mwandiko Wako

Hotelini, mlimani
Jumatano, 4 Machi

Wifi yangu,

Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya boneti ya gari la kaka yangu. Mumeo na wapakiaji wake wako nyuma ya jiko wanabeba takataka za wiki nzima, na akimaliza hangoji mtu. Ndiyo maana gereji walimwita Breki, jina la mtu asiyekuwa nazo. Simu huku haishiki, hata ukipanda juu ya tangi la maji. Basi yeye atakuwa posta yetu kila Jumatano, na usije ukasema sikukuandikia.

Nimefika salama, kiuno kimefika kesho yake. Ofisi imenipa wiki tano nikague hoteli hii kubwa na mbili ndogo za jirani, kama bado zinastahili kile cheti cha jani la kijani tunachowapa wanaotunza mazingira. Najua umecheka. Wewe ndiye mhubiri wa familia, unayeosha chupa za plastiki kama unaziandalia harusi. Mimi ndiye niliyekuja kwako mwaka jana na mifuko tisa ya nailoni ukanifungia mlango. Lakini kazi ni kazi, wifi. Nina maswali arobaini. Naweka alama, narudi nyumbani.

Swali la saba linauliza mapipa. Wanayo matatu, la kijani, la bluu na la manjano, yamepangwa uani yanang'aa. Nikafunua la kwanza, tupu. La pili, tupu. La tatu lilikuwa na fagio jipya. Nikamuuliza mpishi takataka zenyewe wanaweka wapi, akanionyesha lundo nyuma ya jiko, limefunikwa turubai, majimaji yanatiririka mpaka mlango wa stoo ya unga. Na haya mapipa? Akanitazama kana kwamba nimetaka kukalia kitanda kilichotandikwa. "Hayo ya mkaguzi," akasema. Meneja aliwaambia mkaguzi anataka mapipa masafi. Tangu siku hiyo wanayaosha kwa sabuni kila Jumatatu, na hakuna anayethubutu kutia humo hata ganda la ndizi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa harufu ya lile lundo imeniganda kooni na kicheko kimeanza kupungua. Kaka anapiga honi. Nisalimie darasa lako.

Wifi yako,
Mkaguzi


Nyumbani
Jumanne, 10 Machi

Mama Maswali Arobaini,

Barua imefika na doa la mchuzi ambao si wa jikoni kwangu. Nimeifungua kwa ncha za vidole na baadaye nikanawa.

Mimi sishangai. Nyinyi watu wa ukoo huo uchafu mmezaliwa nao. Kaka yako nilimkuta anatupa maganda ya machungwa chini ya kitanda, na alipoulizwa akasema panya nao ni viumbe. Nimemfundisha miaka tisa. Leo hii mtu wa kwanza kushika gunia langu ni yeye. Kila Jumatano asubuhi, kabla ya kupanda huko kwenu, anapakia magunia yangu ya wiki: CHUPA, KARATASI, MAKOPO. Nayaandika kwa kalamu nene ili watu wa kiwandani wasihangaike. Akitoka mlimani anayapitisha kwenye kiwanda kinachosaga plastiki, na saa kumi kamili yuko mezani, amenawa, ananiambia wameshukuru sana na wanauliza huyu mwalimu ni nani.

Wanafunzi wangu arobaini na tatu wameingia katika jambo hili kwa miguu yote miwili. Kila mmoja analeta chupa moja iliyooshwa. Ikinuka, anairudisha kwao. Wiki hii tuna magunia matano, mawili ni ya darasa. Msichana mmoja ameniuliza kama chupa yake itageuka ndoo au kiti. Nikamwambia achague, akachagua kiti, cha bibi yake.

Na wewe ukija tena na mfuko wa nailoni nitakuvika kichwani. Usikague kwa macho ya kuazima, wifi. Fungua, nusa, uliza.

Mwalimu


Hotelini
Jumatano, 18 Machi

Wifi,

Leo utani wangu ni mfupi.

Swali la kumi na mbili linauliza chumba kimoja kinatupa nini kwa siku. Mwaka jana meneja alijaza mwenyewe: "kidogo sana". Safari hii nilimwomba mfuaji mmoja, wanamwita Mama Shuka, atandike shuka kuukuu uani na amwage juu yake takataka za chumba kimoja, wageni wawili, usiku mmoja. Ilibidi tukunje kingo zisimwagike. Chupa kumi na moja za maji, saba hazijanywewa hata nusu. Ndara nne za sponji zilizotembea kutoka kitandani mpaka chooni, na safari yao ikaishia hapo. Sabuni iliyonawiwa mara moja. Keki nzima iliyong'atwa pembeni, meno yanaonekana, na aliyeing'ata ana pengo. Halafu yai la kukaanga ambalo mtu amezimishia sigara katikati ya kiini. Hilo ndilo lililonishinda. Mtu ameamka, amepikiwa, ameletewa kwenye sahani, akaona hapo ndipo pa kuweka majivu yake. Niliegemea ukuta nikafumba macho.

Mama Shuka hakushtuka. "Hawa walikuwa wastaarabu," akasema.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Aliyewapa cheti mwaka jana ni mimi. Sikuja huku. Walituma picha. Nikayatazama yale mapipa matatu nikiwa ofisini, nimevua viatu, chai iko pembeni, nikaandika kumi kwa kumi. Kisha nikaenda kula. Sahihi yangu iko mapokezi ndani ya fremu, napita chini yake kila asubuhi na natamani kuitemea mate.

Tangu Jumamosi nimekataa vitu vyao. Taulo nafua mwenyewe. Maji nanywa kwenye chupa ya bati niliyoazima kwa mlinzi. Hakuna aliyenilazimisha, ila kila nikishika kitu cha plastiki naliona lile yai.

Jana upepo uligeuka, ikaja harufu ya kuua. Meneja akasema ni mbolea ya bustani. Nikamfuata Mama Shuka alipotoka kazini, kwa njia ya nyuma ya ukuta. Baada ya kona moja ya barabara kuna korongo, na korongo lote, wifi, limejaa. Nepi, mafuta meusi ya kukaangia, maganda ya mayai, magodoro yaliyooza. Niliteleza, mguu ukazama mpaka goti, na nilipouchomoa ulikuwa unatembea kwa funza. Chini ya hapo kuna chemchemi wanakoteka maji watu wa nyumba ishirini, wote wafanyakazi wa hoteli. Mama Shuka ana mjukuu wa miaka mitatu, mikono yote vidonda, anajikuna hata akiwa usingizini. Wanachemsha yale maji, lakini harufu haichemki ikaisha. Nimeoga mara nne na bado najinusa.

Nina swali dogo. Zile chupa zako, kiwanda chenyewe kiko wapi hasa?

Mkaguzi


Nyumbani
Jumanne, 24 Machi

Wifi,

Chakula kimenishinda. Kaka yako ameniuliza mbona sili, nikamwambia kuna watu duniani wanamwaga kinyesi juu ya maji ya watoto, akasema dunia ndivyo ilivyo, akaongeza mboga.

Kuhusu sahihi yako sitakupamba. Ulifanya vibaya. Mtoto akininakilia majibu bila kusoma swali namsimamisha, na wewe ungekuwa kwangu ungesimama mpaka jioni. Ila umesema mwenyewe bila kuulizwa, na kwa hilo nakuheshimu kuliko jana.

Sasa andika. Andika hoteli, andika meneja na mbolea yake, na zaidi ya wote mwandike huyo dereva anayemwaga. Takataka hazina miguu. Andika namba ya gari na jina la baba yake. Na kama ana mke mwandike na mke, maana hakuna mwanamke asiyejua mumewe anatoka wapi. Usimwonee mtu haya. Kaka yako anapita njia hiyo hiyo, anaweza hata kukusaidia kumtambua.

Kiwanda kiko karibu na mji wa saruji. Kaka yako anasema kutoka mlimani ni mwendo wa saa tano. Kwa nini unauliza?

Mwalimu


Hotelini
Ijumaa, 27 Machi

Wifi,

Barua hii anakuletea dereva wa mboga, si kaka. Isome peke yako, na ukae.

Nilirudi korongoni na glavu za Mama Shuka nikahesabu tabaka, maana swali la ishirini na nane linataka makadirio. Katikati ya nepi nikakuta magunia matano yamelala pamoja, yamefungwa vizuri, hayajafunguliwa. CHUPA. KARATASI. MAKOPO. Mawili yameandikwa DARASA LA NNE. Ni herufi zako za ubaoni, wifi, zile zenye mikia. Nikafungua moja. Chupa zimeoshwa, zimekaushwa, hata karatasi za nembo zimebanduliwa. Ndicho kitu pekee kisafi katika korongo lile, na kilinitapisha kuliko nepi zote. Nikachimba kwa jembe. Chini ya hayo kuna mengine, na chini ya hayo mengine, mpaka yale ambayo wino umefutika. Mama Shuka anasema ni miaka minne. Wanaoteka maji walidhani CHUPA ni jina la kampuni.

Bado nilijidanganya. Nikasema labda kaka anayaacha mahali, mwizi anayachukua. Kwa hiyo Jumatano, baada ya kunipa barua yako kwa mkono wake, nilipita nyuma ya ukuta nikasimama kwenye kona. Ilikuwa saa tano asubuhi. Gari likaja, likarudi kinyumenyume mpaka ukingoni kama ng'ombe anayejua zizi lake. Hakuteremka. Aliinua bodi, akamwaga, akashusha, akaondoka anapiga mluzi, na nyuma yake vumbi likatulia juu ya magunia yako.

Huyu ndiye aliyenivusha mto mgongoni miaka mitatu ili nifike shule na sare kavu. Nilikuwa nasikia mluzi ule ule karibu na sikio langu. Sijui nimchukie kwa sehemu gani ya mwili wake.

Swali la ishirini na tisa linataka jina la mbebaji taka na namba ya gari. Ripoti inatakiwa tarehe kumi ya mwezi ujao. Nikiandika, hataendesha tena gari lolote la taka, na utabaki nyumbani na watoto wawili na mwanaume aliyekasirika. Nisipoandika, Mama Shuka ataendelea kuteka. Unishauri au usinishauri, lakini ujue.

Wifi yako


Nyumbani
Ijumaa, 3 Aprili

Wifi,

Usiandike gari.

Andika hoteli, andika meneja, mchome kila mtu, lakini ile namba iache. Nakuomba kwa magoti, na wewe unajua magoti yangu huwa hayainami. Nimekaa na barua yako wiki nzima chini ya godoro. Nilianza barua mbili za kukuambia kwamba kuna mtu mwingine mwenye mwandiko kama wangu. Nimezichana.

Jumatatu nilikuwa nafundisha mwendo, muda na umbali. Gari linatoka mlimani saa tano asubuhi. Mwendo wa saa tano mpaka kiwandani. Litafika saa ngapi? Darasa zima likajibu, saa kumi. Na saa kumi, wifi, huyo mtu yuko mezani kwangu, amenawa. Nikasimama na chaki mkononi. Watoto wa darasa la nne wamekokotoa kwa pumzi moja jambo ambalo mimi nimelipikia chai miaka minne.

Sikujua, lakini nilikuwa najua mahali pa kutokuuliza. Siku moja alirudi na tairi zina nepi imenasa, nikaitoa mwenyewe kwa kijiti, nikaenda kuosha chupa. Nikiwa nimeudhika naosha chupa. Tukigombana naosha chupa. Naona kinyaa na mikono yangu, na sabuni ndiyo inayonitia kinyaa zaidi. Na yule msichana bado anangoja kiti cha bibi yake.

Nilikuandikia mambo makali kuhusu dereva na mkewe. Mkuki kwa nguruwe. Umenichoma na nimeona uchungu wake. Lakini ni kaka yako wa pekee, na damu ni nzito kuliko maji. Sijamwambia chochote, barua hii anayo dereva wa mboga. Kila jioni namtazama anavyomega chakula kwa ile mikono.

Mwalimu


Hotelini
Jumatatu, 6 Aprili

Wifi yangu,

Ungeyaona maji yenyewe usingeyalinganisha na kitu.

Nimeandika. Nilikaa na swali la ishirini na tisa siku mbili, nikaliruka, nikarudi. Mwisho nikashuka kuteka na Mama Shuka, nikapanda na ndoo mpaka kwake, na nilipofika nikaandika kabla mkono haujakauka. Nimeandika hoteli na meneja. Nimeandika namba ya gari. Chini yake nimeandika kwamba dereva ni kaka yangu, tumbo moja. Na chini yake tena nimeandika kwamba aliyewapa cheti mwaka jana bila kufika ni mimi, na naomba kiondolewe ukutani pamoja na sahihi yangu. Huenda ofisi itanitupa nje. Ila hata wakinibakiza, sitatia sahihi tena mahali ambapo pua yangu haijafika.

Nimekuwa nikiwacheka watu kama wewe, wifi. Nilidhani ni usafi wa kujionyesha. Huku mlimani nimejifunza kwamba hakuna kitu kinachotupwa, kinahamishwa tu kwenda kwa mtu asiyeweza kukataa. Ukishaliona hilo kwa macho huwezi kurudi kulala vizuri, na mimi silali. Wewe ulianza kabla yangu. Ndiyo maana barua yako ya mwisho imeniuma, maana nilitegemea utanikaripia.

Najua nimekuingizia moto nyumbani. Usiponisamehe nitaelewa. Kesho nateremka na ripoti, naikabidhi ofisini Ijumaa kwa mkono wangu. Ukitaka asikie kwako kabla ya kusikia kwao, una siku tatu. Mimi simkimbii. Mwambie anajua ninapokaa.

Wifi yako,
Mkaguzi


Nyumbani
Alhamisi, 9 Aprili

Wifi,

Barua hii anakuletea kondakta wa basi la asubuhi, nimemwapisha.

Juzi jioni nilimwekea Breki barua zako zote mezani, mahali pa sahani. Alizisoma taratibu, kidole chini ya mistari. Sikutegemea atie huruma na hakutia. Alisema kila mtu anamwaga pale. Alisema meneja mwenyewe ndiye aliyemwonyesha ile kona, kwamba kiwanda kilifungwa miaka minne iliyopita na hakutaka kunivunja moyo, kwamba nilikuwa nafurahi sana na magunia yangu. Eti alinionea huruma. Halafu akasema watu wa bondeni wamezoea. Hilo la kuzoea ndilo lililonitoa kitini. Nikamwambia kesho nakwenda na wewe.

Nilipanda gari lake kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Njia ni ya saa nne. Alipofika kwenye ile kona hakurudi kinyumenyume, alizima injini akashika usukani. Nikateremka. Nikayaona magunia. Sitakueleza nilivyofanya, wewe ulitapika na mimi ni binadamu kama wewe. Nilipoinua kichwa, mwanamke alikuwa amesimama chini anatutazama. Nikajua ni Mama Shuka kwa mikono yake, imeungua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

Nikamwita mume wangu, akashuka nyuma yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayataka. Mama Shuka alilitazama gari, akamtazama dereva, akasema karibuni, jua kali. Akatuketisha ndani kwenye mkeka. Mjukuu alikuwa pembeni anajikuna. Akatuletea maji, glasi mbili juu ya sahani, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote.

Nilikunywa yangu. Sijui niseme ladha gani, ni kama kunywa kitambaa. Niliimeza yote kwa sababu nisingeweza kuitazama sura ya yule mama kama ningeirudisha. Breki aliishika yake. Aliishika muda mrefu. Mama Shuka akasema bila kupandisha sauti, "Kunywa, mwanangu. Nimeyachemsha." Breki akaileta mpaka mdomoni, akanusa, akaiweka chini akatoka nje. Tukamsikia anatapika nyuma ya nyumba. Hakuwa amemeza hata tone.

Miaka minne anawanywesha watu, na glasi moja imemshinda. Tulirudi na magunia manne, mengine yameoza. Leo hakwenda kazini, amekaa uani anatazama magunia. Sijamwambia pole.

Kama ripoti bado iko mkononi mwako, fungua pale kwenye swali la ishirini na tisa. Mwandiko wako tangu zamani hausomeki. Namba ya gari irudie, kwa herufi kubwa.

Wifi yako,
Mwalimu